Kazini Lazima Niongee na Mama Mkwe, na Naogopa Nitamuunguza

Admin, nakuomba unifichie jina na la kiwanda pia, maana hapa Athi River tunajuana. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na tatu, Mkamba, niko na mke na mtoto mmoja. Kazi yangu ni kuchunga boila kwenye kiwanda cha nguo. Naandika nikiwa na woga ambao sijawahi kuwa nao maishani. Wale mtakaocheka, chekeni, lakini mkimaliza mnisaidie.

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Boila inachemsha maji, mvuke unapita kwenye bomba hadi meza za kupiga pasi. Kila asubuhi, kabla sijafungua koki kubwa, kiongozi wa pasi anamwaga maji yaliyolala ndani ya bomba kupitia koki ndogo iliyo karibu na meza yake. Mkono wake unakuwa hapo hapo. Kwa hivyo ni lazima nimuulize kama amemaliza, anijibu, ndipo nifungue. Nikiharakisha, mvuke unamtokea mkononi au usoni. Na nikiwa kwa boila simwoni, kuna ukuta katikati.

Sasa sikieni shida yangu. Kiongozi wa pasi wa zamani aliacha kazi, na ofisi ikampandisha mama mmoja mchapakazi ambaye hana maneno mengi. Huyo mama ni mama mkwe wangu. Siku ya kwanza nilipomwona akiingia getini kutafuta kazi nilijificha nyuma ya kuni za boila hadi akapita, mwanaume mzima na ndevu zangu.

Kwetu kuna nthoni, ile heshima kati ya mwanaume na mama wa mke wake. Wengi wa rika langu wameiacha, wanapiga selfie na wakwe zao. Lakini yeye ametoka kijijini upande wa Tala, na kwao jambo hilo si mchezo. Nikienda kuwasalimia, chakula naletewa na mtu mwingine. Tukikutana njiani, mmoja anaacha njia. Tangu nioe hajawahi kunitazama usoni, wala mimi sijawahi kumsemesha. Ofisini hakuna anayejua sisi ni wakwe. Kiwanda hakitaki watu wa familia moja kwenye timu moja, na wakigundua anayeondolewa ni yule aliyekuja mwisho, yaani yeye. Mshahara wake ndio unaosomesha wadogo wa mke wangu.

Tukapata njia yetu bila hata kuipanga. Kuna dada anayekunja mashati, nimwite Mwende. Yeye ndiye aliyekuwa mdomo wetu. Namwambia Mwende, Mwende anamuuliza mama, jibu linarudi, nafungua. Wenzetu walidhani nina maringo. Mwende alijua ukweli, akanyamaza, Mungu ambariki.

Wiki iliyopita Mwende hakuja, mtoto wake alikuwa mgonjwa. Nikamtuma jamaa mgeni wa kufunga maboksi, nikamwambia aulize mama wa pasi kama tayari. Pale wamama ni wengi. Akamuuliza wa kwanza aliyemkuta, naye akasema sawa. Jamaa akaniletea hiyo sawa, nami nikafungua.

Nilisikia mlio wa mtu. Nilifunga koki nikakimbia, nikamkuta ameshika mkono, leso aliyojifunga imelowa na inafuka mvuke. Kuanzia kiganja hadi karibu na kiwiko ngozi ilikuwa nyekundu. Na hata hapo, jamani, nilisimama mbali. Wengine walimmwagia maji, mimi nikiangalia sakafu. Meneja alipofika, mama akamwambia ni yeye aliyesahau mkono kwenye koki. Alijisingizia kosa ili nisifukuzwe. Nilienda nyuma ya boila nikalia.

Meneja wetu ni dada mzuri, hapendi kelele, lakini hadanganyiki. Alituita timu nzima akasema kinachotuumiza hapa ni mawasiliano, watu wanatumana kama wako sokoni. Kisha akanigeukia. "Kuanzia Jumatatu, kiongozi wa pasi akirudi baada ya kupumzika, sitaki mtu wa katikati. Wewe unatembea mpaka kwa meza, unamuangalia huyu mama kwa macho, unamuuliza, na yeye anakujibu na mdomo wake. Tumeelewana?"

Nikasema ndiyo. Mama alikuwa amejifunika uso kwa ile leso. Na msinielewe vibaya, meneja ana haki kabisa. Hata mimi ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo.

Nilimpigia mke wangu, nikamwomba aongee na mama yake. Nilitaka tu aniruhusu nimuulize neno moja, basi. Akanirudia na jibu. "Mum amesema atakuja kazi, lakini usimsemeshe mbele ya watu, utakuwa umemvua nguo. Amesema ufungue tu. Akinyamaza ujue yuko sawa." Halafu mke wangu mwenyewe akaongeza kwa sauti ya chini kwamba mama yake akiungua tena, hajui kama ataweza kuishi na mimi.

Nikimwambia meneja ukweli, mama anapoteza kazi na watoto anaowasomesha wanarudi nyumbani. Nikimsemesha, nimemvunjia heshima mbele ya watu, na namjua, hatarudi tena. Nikinyamaza, nafungua koki nikiwa sijui mkono wake uko wapi.

Leo ni Jumamosi. Nyinyi mlio na wakwe, nyinyi mnaofanya kazi na watu wa kwenu, niambieni nishike njia gani kabla ya Jumatatu asubuhi. Amesema akinyamaza nijue yuko sawa, lakini hata ambaye hajamaliza hunyamaza, na hata aliyeungua akazimia hunyamaza.