Orodha ya Nyumba ya Mkunga

Jumatano, tarehe 11 Juni. Ukungu ulikaa hapa Kitangari mpaka saa nne, kisha ukaja upepo wa baridi uliovuma mchana kutwa, hata kuku hawakutoka chini ya ghala.

Asubuhi mkunga amejibu. Nyumba yake wameivunja juzi.

Naandika taratibu kwa sababu sijui kama kosa ni langu, na sitaki kujisingizia wala kujitakasa. Mimi niliishia darasa la saba. Ukatibu wa kikundi chetu cha maji nilipewa kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka, basi.

Mkunga huyo ni Mpalestina. Alikaa kwenye zahanati yetu miaka miwili, na Kiswahili alichoondoka nacho kilikuwa cha wodini: sukuma, pumua, bado kidogo, hongera mama. Ndiye aliyetuonyesha kukinga maji ya mvua kwenye bati la zahanati na kuyaweka katika tangi jeusi, sisi tuliozoea kushuka bondeni alfajiri na kupanda na ndoo jua likiwa utosini. Nilimuuliza alijifunzia wapi. Akasema kwao kijijini ukitaka kuchimba kisima lazima upate kibali cha jeshi, na kibali hakitoki, kwa hiyo mvua wanaikinga yote. Siku ile nilidhani Kiswahili kimempotea.

Mwaka huu, mwezi wa nne, alinitumia sauti kwenye simu. Jeshi limebandika karatasi mlangoni kwake, kwamba nyumba imejengwa bila kibali. Ardhi ni ya babu yake, ila hati anayoionyesha wanasema ni ya uongo. Mizeituni yake ilikwisha kukatwa na walowezi waliokaa kilimani juu yao. Mwanasheria wake anakusanya barua za watu wanaomfahamu, azipeleke mahakamani, na nakala ziende kwa vyama vya nchi nyingine ili kesi isiamuliwe gizani. Pesa hakuomba. Alisema, "Andikeni tu kwamba mnanijua."

Nikaipeleka habari kikaoni. Mwenyekiti wetu ni mwalimu mstaafu, mtu wa kanisa, alisoma sekondari ya Chidya, na kila neno analipima kwanza.

"Katibu," akasema, "kikundi hiki kimesajiliwa kwa ajili ya maji. Muhuri wa maji nitaugonga vipi kwenye ugomvi wa mataifa?"

"Mwalimu, tangi lile tunalonywea nani alilileta?"

"Sijakataa. Lakini mimi nimeshawahi kuitwa ofisini kwa barua moja tu ya korosho. Wewe hujaitwa."

Hilo ni kweli, sijaitwa. Mzee mmoja akasema hawezi kusimama kinyume cha taifa teule la Mungu. Kijana wa dukani akamjibu kwamba hili ni jambo la Waislamu, Wakristo wakae pembeni. Nikawaambia mkunga ni Mkristo, na alikuwa akikaa benchi la tatu kanisani kwetu kila Jumapili. Wote wawili walikuwa wamemwona kwa macho yao miaka miwili, na bado walikuwa wamesahau.

Muhuri sikupewa. Mwalimu akasema kama nataka, nikusanye majina ya mtu mmoja mmoja, si ya kikundi. Nikaona ni sawa.

Nikaandika barua. Niliweka humo kwamba tunajua upande wa pili nako wapo akina mama waliozika watoto na waliotekewa watoto, na hatufurahii hata mmoja. Jirani yangu, ambaye kwa kuwa mkunga alimzalisha mapacha sote tunamwita Mama Mapacha, aliona hapo nimepoteza wino. Sikulifuta.

Nikachukua daftari kubwa, nikapiga mistari: jina, kitongoji, sahihi au dole gumba. Nikapita nyumba kwa nyumba. Shikamoo, marahaba, nasoma barua, nafungua kibati cha wino. Watu hawakunisumbua. Nilipofika pale kwenye mizeituni iliyokatwa, wengi walinikatiza wanitajie mikorosho yao. "Mimi ninayo mia na ishirini." "Ya kwangu arobaini, na michanga kumi." Bibi mmoja akasema, "Na ile ya marehemu mume wangu usiiache." Nilidhani ni uchungu. Nilijisemea, tazama, mtu akisikia mti wa mwenzake umekatwa anahesabu ya kwake. Nilirudi nyumbani na majina thelathini na nane, na ninakiri nilijivuna.

Kesho yake mtu akanisimamisha njiani. "Katibu, salfa inakuja lini? Maua yakitoka kabla hatujapuliza, tumekwisha."

"Salfa gani?"

"Si ile uliyotuandikisha juzi?"

Msimu ule ndio wa kuandikisha wanaopewa salfa, dawa ya kupuliza mikorosho, na orodha yake ina mistari ileile, na dole gumba lilelile. Barua niliyoisoma waliichukua kama yale maneno marefu ya maofisa kabla ya kufika kwenye jambo.

Nilipomsimulia, Mama Mapacha alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema, "Peleka hivyohivyo. Dole ni dole. Huko watajuaje?"

"Hawakukubali wale."

"Hawakukataa pia! Wamepungukiwa nini?"

"Mkunga anaambiwa karatasi yake ni ya uongo. Nasi tumpelekee ya uongo?"

"Katibu, wewe utakufa na haki yako mkononi, na nyumba ya mwenzio itakuwa imeanguka."

Alisema hivyo, kwa maneno hayohayo. Nayaandika kwa sababu ni haki yake yaandikwe.

Nikarudi kwa wote thelathini na nane. Siku sita. Nikawaeleza upya: hii si ya salfa, hii ni ya mkunga, ukitaka nifute nitafuta. Wengi walifuta. Siwalaumu. Mmoja aliuliza kama watu wa kule wakija kumtafuta mimi nitamficha wapi. Mwingine alisema ana mtoto anatafuta ajira serikalini. Wengine walinikasirikia kwa ajili ya salfa, kana kwamba nilikuwa nayo nimeiweka uvunguni. Yule bibi wa mikorosho ya marehemu ndiye aliyenishika mkono. "Mkunga yule aliyekesha na mkwe wangu? Wanamvunjia, naye yumo ndani? Mbona hukusema tangu juzi?" Nilikuwa nimesema. Akakandamiza dole lake juu ya lile la kwanza, likawa doa moja kubwa jeusi.

Yakabaki majina kumi. La kumi na moja lilikuwa la Mwalimu. Alikuja mwenyewe jioni, bila muhuri, akaandika jina lake kamili kwa mwandiko wa ubaoni, akaondoka bila kukaa.

Siku ya pili nikaenda Masasi kwenye duka la kuchapa, kwa sababu mwenye duka anajua Kiingereza. Akachapa, akapiga picha daftari, akamtumia mkunga kwa simu yangu. Kwenye simu ikatokea alama moja tu ya kwamba imetoka. Ya kufika haikutokea siku tatu.

Leo ndiyo nimesikia sauti yake. Mahakama ilimkatalia siku mbili kabla barua haijamfikia. Nimezihesabu hizo siku mbili, nikazitoa katika zile sita, nimefanya hivyo tangu asubuhi na jibu halibadiliki. Labda barua ya watu kumi na moja wa Kitangari isingezuia tingatinga. Labda thelathini na nane nao wasingezuia. Hilo sitalijua kamwe, na mkunga hakulitaja. Alisema tu, "Asante. Nimewasomea watoto majina yenu, wanauliza Kitangari ni wapi." Nyuma yake kulikuwa na upepo, kama huu wa kwetu. Wamepanga kwenye chumba kimoja cha shemeji yake, watu tisa.

Alituma na picha. Kifusi ni kifusi, unaweza usitambue ilikuwa nyumba. Lakini pembeni limelala tangi jeusi, aina ileile ya la kwetu, limetobolewa ubavuni.

Nilimpelekea Mwalimu simu, akavaa miwani, akatazama muda mrefu.

"Na tangi?" akauliza.

"Na tangi."

Akanirudishia simu. Sikumwambia neno kuhusu muhuri, naye hakuniambia neno kuhusu siku sita. Labda yeye aliogopa kupita kiasi na mimi nilinyooka kupita kiasi, au labda kule hakuna aliyekuwa anasoma barua. Nilipita zahanati wakati wa kurudi. Wanawake walikuwa kwenye foleni ya bomba la tangi, wananitania, "Katibu, salfa!" Nikacheka nao. Sikujua nifanye nini kingine.

Mama Mapacha ameleta mbaazi mbichi alizochuma leo, hakunikumbusha alichokisema. Tumekula ugali wa muhogo na hizo mbaazi, bila nazi. Nilizidisha chumvi, na hakuna aliyelalamika.