Mzimu Uliokula Kambale

Usinitake niseme Theresia alimsamehe shemeji yake. Hakumsamehe, na mimi niliyemvalisha lile koti sikumshauri amsamehe.

Mumewe, Nickolaus, alikuwa mvuvi wa hapa Mofu. Alizama mtoni masika ya mwaka tisini na sita, akaacha mke na shamba la mpunga bondeni, zuri kuliko yote ya ukoo wao. Msiba haujapoa, mdogo wake Gosbert akaanza kuota. Kila asubuhi anatangaza kuwa marehemu kamtokea, anataka shamba lirudi kwa ndugu zake na mjane arudi kwao Mkula. Baadaye mzimu ukaachana na ndoto, ukaanza kutembea. Theresia akiwa kitandani anasikia nje kikohozi cha Nickolaus: viwili vifupi, kisha koo linasafishwa.

Mwingine angekimbia. Theresia akapika. Alimwekea mumewe ubwabwa na perege mlangoni, na asubuhi akikuta sahani tupu anaiosha huku anaimba. Uso ulimrudi, akaanza tena kusuka nywele. "Jana amekula vizuri, mtani wangu," ananiambia. Nami ningesema nini? Nilikuwa naamini pia.

Siku moja perege wakakosekana. Akaweka kambale, akamwomba marehemu radhi kwa sauti, maana Nickolaus hakugusa kambale tangu aliposaidia kuopoa maiti mtoni, akakuta samaki hao wameshaanza kumla. Jambo hilo hakumwambia mtu ila mkewe. Asubuhi sahani ilikuwa na mifupa mitupu, imenyonywa ikawa myeupe.

Theresia alikuja kwangu na sahani ile ile. Hakulia.

"Gosbert angelidai shamba mchana, tungegombana kama watu," alisema. "Lakini huyu kaniletea mume wangu, halafu kamuua mara ya pili."



Sasa kwetu, siku ya kumaliza msiba, mtani wa ukoo huvaa nguo za marehemu, akaigiza mwendo wake na maneno yake, watu wakacheka, na mfiwa haruhusiwi kununa. Akinuna, mtani anazidisha. Baada ya hapo ndipo wazee wanapogawa mali. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Mimi nikampa Theresia koti la Nickolaus. Mjane kuchekesha kwenye msiba wake mwenyewe, nani aliwahi kuona? Wazee walitaka kukataza, lakini alishaingia uwanjani.

Hakumwigiza Nickolaus. Aliigiza mzimu. Mzimu unanyata, unakohoa, unanusa. Unapita shambani bila hata kutazama mpunga, unakwenda moja kwa moja kwenye sahani. Unanyonya kichwa cha kambale, unachokonoa mwiba kwenye jino, unapangusa mikono kwenye koti la marehemu.

"Shemeji," mzimu ukasema, kwa sauti ya Gosbert kabisa, "kesho ongeza pilipili."

Watu walilala chini kwa kicheko. Gosbert ilimbidi acheke, akacheka huku jasho linamtoka. Mzee wa ukoo alipomaliza kufuta machozi akauliza nani bado ana neno kuhusu shamba. Gosbert akazidi kucheka, na shamba likabaki kwa Theresia.

Ningekuwa mimi ningeishia hapo. Yeye alilichukua koti akaenda nalo kwenye magulio, Mkula, sokoni Ifakara, mpaka Kidatu kwa wakata miwa. Peke yake, na sahani yake. Gosbert akihamishia biashara yake ya samaki mahali pengine, haipiti wiki mzimu nao umefika. Watoto walikuwa wanamkoholea njiani.

Mwishowe Gosbert akaja kwa Theresia mchana, kofia mkononi, na mimi nipo.

"Shikamoo, shemeji. Nimekosa. Basi, yaishe."

Theresia alimtazama. "Kohoa kwanza."

Gosbert akakohoa. Viwili vifupi, kisha koo. Safari hii hakuwa anaiga mtu. Ndugu wale walizaliwa na kifua kimoja. Theresia akashika mlango, na kwa mara ya kwanza tangu tuzike nikamwona analia, analia kwa sauti. Gosbert naye akalia, akidhani kasamehewa.

"Kohoa tena," Theresia alisema.

Akakohoa. Alimkohoza hivyo, macho kayafumba, mpaka machozi yakamkauka, kisha akafunga mlango.

Jumamosi, gulioni, mzimu ulikuja na kofia mkononi, unalia.