Ndege Hii, Ndege Huyu

Jumanne, tarehe nne Machi 2025, kabla ya saa nne asubuhi, alikufa bibi niliyekuwa nikimtunza huku Woluwe-Saint-Lambert, Brussels, na pamoja naye likapotea jambo alilotaka kumwambia mwanawe kwa mdomo wake mwenyewe. Ningeweza kumsaidia kulisema. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kitandani kwake, nikanyamaza.

Watu wamenipa pole nyingi. Walioniona nikilia siku ya kumuaga wamesema nilimpenda yule bibi, na ni kweli nilimpenda. Lakini pole zao zinanichoma, kwa sababu hakuna aliyejua nililia nini.

Bibi alikuwa Mjapani. Aliolewa na Mbelgiji aliyekwenda kwao kununua vitambaa, akaja Brussels akiwa bado msichana, na hakurudi tena kuishi kwao. Nilipoanza kazi kwake alikuwa na miaka tisini na miwili, mjane, mwenye mtoto mmoja tu wa kiume, mwalimu mstaafu wa Kifaransa anayeishi Ganshoren, upande mwingine wa mji. Huyo mwanawe ndiye aliyenihoji kabla sijaanza. Alinieleza kwamba Kifaransa cha mama yake kimeanza kumtoka, maneno yanadondoka moja moja, na Kijapani mama hakuwahi kumfundisha. Kwa hiyo alitaka mtu anayesema Kifaransa safi, asije akampotezea mama hata yale maneno yaliyobaki.

Nikamwambia nakisema vizuri. Mimi niliishia darasa la saba kwetu Muheza, na Kifaransa changu nimekiokota sokoni, kwenye tramu, na katika darasa la jioni la manispaa ambalo sikulimaliza. Nilihitaji kazi, nikadanganya, na kwa kuwa yeye ni mtu mpole anayesema polepole, siku ile nilimwelewa yote na yeye akaridhika.

Nyumba ya bibi ilikuwa chini ya njia ya ndege zinazokwenda kutua uwanja wa Zaventem. Siku nyingine zilipita moja nyuma ya nyingine mpaka vikombe vikalia kabatini. Wiki ya kwanza, nikitafuta la kusema, nilimwonyesha dirishani nikamwambia kwa Kifaransa, "Leo kuna oiseau mkubwa sana, madame."

Kwetu neno ni moja. Anayetaga mayai ni ndege, na inayobeba abiria ni ndege; tofauti inakuja katika neno linalofuata, ndege huyu, ndege hii. Mwalimu wa jioni alitufundisha oiseau kwa picha ya njiwa, nami nikaandika pembeni "ndege", nikadhani nimeshayamaliza yote mawili kwa mkupuo mmoja.

Bibi aliniangalia, akaangalia dirishani, akasema, "Ndiyo. Mkubwa sana." Hakucheka.

Tangu hapo, kila ilipopita ndege tulisema oiseau. Kila jioni nilitakiwa kuandika katika daftari lililokaa juu ya friji, ambalo mwanawe alilisoma kila Jumapili akija: amekula nini, amelala saa ngapi. Nikawa naandika pia kwamba bibi ametazama oiseaux dirishani. Nilijivunia kuandika sentensi nzima.

Aliyenifungua macho ni mwenzangu aliyeshika zamu ya Jumamosi, mama mmoja wa Lubumbashi, mcheshi, mwenye sauti ya kufika ghorofa ya nne. Mwaka ulikuwa umeshapita. Tulikuwa mlangoni tunapokezana funguo.

"Maman, niambie kweli," akasema. "Mu cahier unaandika oiseaux, oiseaux, kila siku. Mi nimekaa pa fenêtre tangu asubuhi, nimeona pigeon moja tu, na iko mugonjwa. Oiseaux yako iko wapi?"

Nikanyoosha kidole juu. Moja ilikuwa inapita.

"Ile? Ile ni avion, Yesu wangu! Oiseau ni ile ya mayai!" Akashika ukuta kwa kicheko. "Donc mwaka muzima? Na weye na Kiswahili yenu ya kitabu!"

"Punguza sauti, dada."

"Bon, bon. Lakini ule mutoto wake ni professeur. Siku akijua, utakimbia."

Nikamwomba asimwambie mtu, na hakumwambia. Tangu siku ile niliacha kuandika habari za dirishani. Lakini kicheko kile kilinikaa. Usiku nilihesabu ni mara ngapi mwanawe, yule mwalimu, amesoma neno langu.

Jumatatu nilimuuliza bibi kwa nini hakunirekebisha. Akasema kwamba hilo neno lingine, avion, kwa lugha yoyote halijawahi kupita mdomoni mwake bila kumkaba. Alikuwa ameishi nalo miaka themanini likiwa limekwama. Langu lilikuwa jepesi. "Kwa neno lako labda naweza," akasema. "Mimi nilitengeneza oiseaux."

Akanisimulia kwa wiki nyingi, kipande leo, kipande keshokutwa, na mimi nayapanga hapa jinsi nilivyoelewa.

Kiwanda cha ndege cha mji wao kilianzia katika banda la kufugia viwavi vya hariri. Mwenye banda alikuwa mtu aliyechekwa na mji mzima, kwa sababu ndege zake za kwanza ziliangukia mtoni mbele ya watu, na wafua nguo ndio waliosaidia kuzivuta. Kisha moja ikaruka, ikarudi salama. Jeshi likaja kuangalia. Banda likawa jengo, jengo likawa mji ndani ya uzio. Baba yake bibi akaacha viwavi vyake akaingia humo, na wajomba nyuma yake. Alisema mtoto wa mji ule alijua sauti ya injini kabla hajajua sauti ya kengele ya shule.

Vita vya Pili vya Dunia vilipokuwa vibaya na wanaume kupungua, madarasa yalifungwa, wakaletwa kiwandani wasichana wa shule, na sare zao, wamefungwa kitambaa cheupe kichwani. Yeye alikuwa na miaka kumi na minne, mdogo wa umbo kuliko wote, kwa hiyo walimwingiza yeye ndani ya bawa. Kazi ilikuwa ya ribiti, vile vijisumari vifupi visivyo na ncha vinavyoshikanisha mabati. Rafiki yake alisimama nje na mashine ya kugongea. Yeye alilala ndani gizani, akakandamiza kipande cha chuma kwenye mkia wa ribiti uliotokeza ndani ili uwe bapa. Hawakuonana wala kusikilizana, kelele ilikuwa kubwa. Walizungumza kwa kugonga bati. Yeye wa ndani, ambaye peke yake aliufikia mkia, akigonga mara moja maana yake nzuri, endelea. Mara mbili, rudia. Mara tatu, mbovu, itolewe.

Alasiri moja, kwa njaa na uchovu, alisinzia mle ndani na chuma mkononi. Alipozinduka, mstari ulikuwa umeshakwenda upande, mikia imepinda. Alipaswa kugonga tatu. Lakini mstari mzima ukitolewa, kikundi chote kiliadhibiwa, na rafiki yake alikuwa ameshapigwa asubuhi ile. Akagonga mara moja. Kwa ribiti iliyofuata, mara moja. Mpaka mwisho wa mstari, mara moja, moja, moja. Bawa likapakwa rangi, likaenda.

"Ilianguka?" nikamuuliza.

"Sijui. Ningejua ningemwombea yule rubani mmoja. Sijui, kwa hiyo nawaombea wote."

Baada ya vita kiwanda kilikatazwa kutengeneza ndege, kikavunjwavunjwa kikawa viwanda vidogo. Kwa mabati yaliyobaki wakatengeneza sufuria na visahani vya chakula. Magurudumu ya mkiani wakayafunga kwenye pikipiki ndogo. Baadaye mabasi, baadaye magari, na magari hayo bibi aliyaona hata hapa mtaani yamepaki. Alikuwa na kitabu kikubwa cha historia ya kiwanda, walichotumiwa wafanyakazi wa zamani. Alinionyesha ukurasa wa wasichana. Wote wanatabasamu na vitambaa vyao kichwani. Aliweka kidole kwa mmoja wa mwisho, ambaye nusu ya uso imekatwa na ukingo wa picha. Mwanawe aliwahi kukiona kitabu hicho, lakini hakuweza kukisoma, na mama alimwambia wakati wa vita yeye alikuwa shuleni.

Mwishoni mwa Februari aliniambia amechoka kumdanganya mtoto wake. Jumapili akija atamwambia. "Wewe utakaa karibu," akasema. "Nikikwama, utanipa neno."

"Nitakuwepo, madame."

Alhamisi homa ikampanda. Wakamchukua hospitali, na Jumapili ile tulikuwa huko badala ya sebuleni: mwanawe upande mmoja wa kitanda, mimi karibu na mlango, na muuguzi akipanga mambo yake. Bibi alikuwa na joto kali, lakini macho yake yalikuwa macho ninayoyajua. Akamshika mwanawe mkono akaanza kusema kwa Kifaransa. Akasema oiseaux. Akasema hakuwafunga vizuri. Akasema aligonga mara moja. Kisha akaukunja mkono mwingine, akagonga chuma cha kitanda kwa kifundo cha kidole, mara moja, akangoja, mara moja tena.

"Ndege gani, mama?" mwanawe akauliza.

Akatafuta neno. Nilimwona akilitafuta, midomo inatembea na haitoi kitu. Akaniangalia mimi juu ya bega la mwanawe. "Mwambie," akasema. "Neno."

Mwanawe akageuka. "Anasema nini, madame? Unajua ni ndege gani hao?"

Neno lilikuwa avion. Nilikuwa nalijua kwa mwaka mzima. Lakini nilifikiria swali litakalofuata: ikawaje avion ikaitwa oiseau? Ningelazimika kujibu kwamba ni mimi niliyemwachia mama yake Kifaransa kibovu, mimi niliyesema nakijua. Niliona uso wa yule mwalimu ukinielewa. Nikasikia kicheko cha mlangoni.

"Sijui, monsieur," nikasema.

Nimetafuta sababu nyingine iliyo bora zaidi na sijaipata. Nilijiambia pia kwamba kesho homa itashuka na atasema mwenyewe. Hilo nililiongeza baadaye, nikiwa kwenye basi.

"Ni wale njiwa wa dirishani," mwanawe akamwambia muuguzi. "Iliandikwa kwenye daftari, alikuwa anawatazama kila siku. Maskini, sasa anaona wamemtoroka." Akambusu mama yake kwenye paji la uso, akamwambia ndege wote wako salama, wamefungwa vizuri.

Bibi akaanza kutikisa kichwa na kugonga kwa nguvu zaidi. Muuguzi akasema ni homa, anajichosha, afadhali apewe kitu cha kumtuliza. Mwanawe akakubali. Nani asingekubali? Bibi aliendelea kuniangalia mpaka dawa ilipomshika. Hakuwa na hasira. Alikuwa anangoja.

Jumatatu hakusema. Jumanne, kama nilivyoandika, akafa.

Siku ya kumuaga, mwanawe alisimama mbele ya watu akanishukuru. Alisema nilimtunzia mama yake maneno yake hadi mwisho. Watu wakageuka kunitazama. Mwenzangu wa Lubumbashi alikuwa kando yangu, akaniminya mkono kwa furaha, na hapo ndipo nilipolia kile kilio wanachokikumbuka watu.

Tulipotoka nikamweleza yote, nje, karibu na magari. Nilingoja acheke. Hakucheka.

"Maman," akasema, "enda umwambie."

"Atanionaje?"

"Atakuona. Alafu?"

"Ameshanishukuru mbele ya watu wote."

"Justement, ni juu ya ile. Enda."

Ilinichukua siku kumi na moja. Nilipanda basi hadi Ganshoren siku ya Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Alifurahi kuniona, akanitengenezea kahawa, akaanza kunieleza habari za kuhamisha vitu vya mama yake. Nikamkatiza. Nikasema yote kwa Kifaransa changu kilivyo, bila kujipamba, nikianza na darasa la saba, na njiwa wa kwenye picha, na oiseau. Kisha bawa. Kisha kugonga mara moja. Niliposhindwa nilionyesha kwa mikono. Hakunirekebisha hata neno moja, na mimi nilijua ninakosea mengi.

Nilipomaliza, kahawa ilikuwa imepoa.

"Kwa hiyo hospitalini ulijua," akasema.

"Nilijua, monsieur."

"Na mimi nikamwambia zimefungwa vizuri."

Akainuka akachukua vikombe viwili, akaviosha, akasimama kwenye sinki amenipa mgongo ingawa maji alikuwa ameshayafunga. Nilidhani anataka niondoke, nikasimama. Bila kugeuka akaniuliza kama mama yake alikuwa analia aliponisimulia.

Ningeweza kumwambia ndiyo. Ingekuwa rahisi kwetu sote wawili.

"Hapana," nikasema. "Alikuwa anamenya chenza. Alinipa nusu."

Akaitikia kwa kichwa. Akaenda kuleta koti langu, akalishika mabegani kwa mikono miwili ili nilivae. Mkono wangu ulikosa tundu mara ya kwanza, ukakosa tena. Alisubiri mpaka ukaingia, kisha akanifungulia mlango.