Mtoto wa Nani, Kwenu Wapi

Nina hasira za karibu, sikatai. Miaka ile nilipokuwa mlezi wa kikundi cha vijana pale Soni, watoto waliniogopa kuliko nyoka. Tulikuwa tunaotesha miche ya miti na kuwagawia wakulima bure. Soko huria lilikuwa limeshatuletea kila kitu, mitumba, redio za bei chee, na mwishowe intaneti: chumba kimoja Lushoto mjini, kompyuta nne, na foleni mpaka barazani.

Mgeni mmoja aliyependa kazi yetu akatufungulia ukurasa kwenye hiyo intaneti. Kila mtoto aweke picha na maneno machache ya kujitambulisha. Wakaniletea karatasi wameandika jina na umri, basi. Nikawaka. "Ninyi mmeokotwa? Hamna kwenu?" Maana huku milimani mtoto akiulizwa na mtu mzima hataji jina lake tu. Anasema ni mtoto wa nani, wa ukoo gani, nyumba yao iko upande gani. Asiyejua hayo, anayeaibika ni mama yake. Nikawarudisha wakaandike upya, kwa adabu.

Binti mmoja wa miaka kumi na mitatu aliandika vizuri mpaka nikawasomea wenzake: baba analima kabichi, nyumba ya mwisho juu ya kisima, mlango wa bluu, shuleni huenda peke yake kwa njia ya mikaratusi. Nikampigia makofi. Eti mfano wa kuigwa! Loo, mimi huyu.

Nikawafungulia na anwani za barua pepe, kila mmoja yake, ikaandikwa chini ya picha yake. Jumamosi tunapanda gari kwenda mjini, wao wanaingia kwa zamu, mimi nimekaa nje na muuza matunda tunapiga soga. Hatari ya kompyuta niliyoijua ilikuwa shoti ya umeme.

Siku moja yule binti akaniomba ruhusa. Jumanne hataweza kumwagilia miche, anakwenda gulioni kuonana na baba yake mdogo.

"Baba mdogo yupi?" nikauliza. Baba yake namjua, kwao alizaliwa mwanamume peke yake.

Akainama. "Wa kwenye kompyuta, mwalimu. Anasema atanisomesha sekondari. Kasema nisimwambie baba kwanza, mpaka shule ipatikane."

Na mimi hofu ikinishika hutoka kama hasira. Nilimfokea mbele ya wenzake wote, nikamwita mjinga, nikamuuliza akili zake kaziacha wapi hata aandikiane na jitu asilolijua. Alisimama tu na kopo la kumwagilia mkononi. Kisha akasema taratibu, bila ujeuri wowote, "Nilimwamkia, akaitikia marahaba. Na kwetu anakujua, mwalimu, mpaka mlango. Nikajua ni mtu wetu."

Kwao alipajulia wapi, kama si kwenye maneno niliyoyalazimisha mwenyewe?

Alasiri ileile nikapanda mlima. Baba yake nilimkuta anaosha jembe, mtu mpole, mswalihina. Nikamweleza yote. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu.

"Huyo mtu, njia ya kwangu kaonyeshwa na nani?"

"Na mimi," nikasema.

Nilingoja anitukane. Wallahi ningefurahi angenitukana. Akasema, "Hukujua, mwalimu. Hata mimi ningemwambia aandike hivyohivyo." Nililia njia nzima ya kushuka.

Kesho yake nilikwenda mjini, ukurasa ukafutwa, barua za yule mtu zikachapwa. Tukazipeleka kituo cha polisi mimi na baba mtu. Jumanne ilipofika, yeye na askari wakaenda gulioni, mimi nikabaki kitaluni na binti, simwachi hata kwenda chooni. Waliporudi walisema mtu alikuwepo, palepale alipoahidi, ana mfuko wenye sare mpya za shule. Alipomwona askari akadandia gari la Mombo. Wakamkosa.

Nikamgeukia binti nikimwambia amshukuru Mungu. Badala yake akaangua kilio, kilio cha mtu aliyefiwa. Hasira ikaanza kunipanda tena. "Unamlilia huyo? Huyo?"

"Kila Jumamosi alikuwa ananiuliza nimeshindaje," akasema kwa kwikwi. "Kikohozi kimepona? Hesabu nimezielewa? Nimekula?" Akajifuta pua kwa pindo la kanga. "Wewe huwa unaniuliza miche."

Nikakaa chini kwenye udongo, karibu naye. Miaka miwili alikuwa kwenye kikundi changu, na hicho kikohozi ndiyo kwanza nakisikia. Mwisho nikamuuliza kama amekula.

Akatikisa kichwa. Tangu jana, akasema.