Mashimo ya Bi Mchokoo

Shangazi yangu, dada wa baba, hana boti, hana nyavu, na hajawahi kupanda chombo bila kutapika. Ndiyo maana kwa miaka mingi hakuna aliyemwita mvuvi. Bahari ikikupwa anakunja gauni na kulifunga kiunoni, anavaa raba kuukuu za marehemu mumewe, zinazompwaya, kisha anatembea juu ya mwamba akiwa na mchokoo, kijiti chake cha kuwachokolea pweza mashimoni. Kwa kijiti hicho amelea watoto na kuezeka nyumba, na kwa sababu yake watu wanamwita Bi Mchokoo.

Mimi ni katibu wa kamati ya uvuvi, kwa hiyo nikisema kamati yetu ilikuwa ya ovyo, najua ninachosema. Tulikuwa wanaume kumi na mmoja, na Bi Mchokoo. Yeye aliingizwa kwa sababu fomu ilidai awepo mwanamke. Mikutanoni alikaa karibu na birika, na akinyoosha mkono mwenyekiti alidhani anauliza nani hajapata sukari. Mwenyekiti mwenyewe, mdogo wa marehemu mumewe, ni mzamiaji hodari mwenye sauti ya kuvunja masikio. Kauli yake ilikuwa moja: wanawake hawavui, wanaokota.

Mwaka ule pweza walipungua mpaka wazamiaji wakaanza kurudi mikono mitupu. Tukakubaliana kufunga sehemu moja ya mwamba kwa miezi mitatu, pweza wapate kukua na kutaga. Tulipanda boti maji yamejaa, tukachagua mahali palipotupendeza macho, tukatia maboya manne ya njano. Bi Mchokoo hakuitwa. Tulisema atatuchafulia boti.

Kesho yake aliingia ofisini kwangu, kile chumba cha nyuma ya ghala la barafu, raba zake zikichuruzika maji sakafuni.

"Katibu, njoo uone mlichofunga."

Nikamfuata. Maji yalikuwa yamekupwa, na maboya yetu manne yalikuwa yamelala juu ya mchanga mkavu. Juu ya mojawapo alikaa kaa.

"Hapa pweza aishi wapi?" akaniuliza. "Hapana jiwe, hapana shimo. Mmefunga uwanja wa mpira, mwanangu."

Nilicheka, kisha nikaona haya. Watu kumi na mmoja tuliokulia baharini, na hakuna aliyewahi kuitazama sehemu ile ikiwa haina maji, kwa kuwa boti haifiki wakati huo.

"Tutasogeza," nikasema. "Wewe tuonyeshe tu mashimo yalipo."

Hapo nikajua nimegusa pabaya. Mashimo wanamotagia pweza aliachiwa na mama yake, ambaye naye aliachiwa na mama yake. Hata mumewe hakuwahi kuonyeshwa. Yapo ishirini na mawili, na kila moja lina jina: Jikoni, Chumba cha Wageni, Kwa Mama Mkwe. Hilo la mwisho unabisha hodi mara tatu, na ukitoka lazima uwe na alama mkononi. Akituonyesha, si yake tena. Akikataa, baada ya miezi mitatu tutafungua mchanga, tutaukuta mchanga, wanaume watasema kufunga ni upuuzi, na pweza watavuliwa mpaka wa mwisho.

Jioni hiyo alinipeleka nyumbani kwa binti yake, mama wa mapacha. Mapacha walikuwa wanagonga masufuria kwa vijiko, kwa hiyo ilibidi tuzungumze kwa kelele mambo ya kunong'onezana. Binti alipoelewa, aliacha kukatakata vitunguu.

"Mama, hayo mashimo uliniahidi mimi. Siku ya harusi yangu wenzangu walipewa makabati. Mimi uliniambia nisubiri, yangu yapo mwambani."

"Nilikuahidi mashimo yenye pweza. Nikikuachia matupu, nitakuwa nimekuachia mawe."

"Basi waonyeshe. Waonyeshe wote!"

Akarudia vitunguu vyake, na machozi yaliyomtoka hayakuwa ya vitunguu. Tangu siku hiyo alizungumza na mama yake kwa salamu tu.

Mkutano uliofuata, Bi Mchokoo hakunyoosha mkono. Alisimama.

"Shemeji, mmefunga mchanga."

Wakacheka. Mwenyekiti akasema, "Shemeji, sisi bahari tunaijua."

"Mnajua maji. Chini yake mmepita lini kwa miguu? Kesho yakikupwa, vaeni viatu."

Walikuja, nadhani kwa kutaka kumcheka zaidi. Mweka hazina aliteleza akakalia kinyama cha miiba, na kicheko kikahamia kwake. Lakini shangazi alipita shimo baada ya shimo, akisimama, akitaja jina, akinisubiri nifunge kitambaa chekundu. Nilimtazama akitoa urithi wake wote mbele ya watu waliomwona mpika chai. Roho iliniuma, na nilimheshimu kuliko mtu yeyote niliyemjua.

Ndani ya Jikoni palikuwa na pweza jike, mayai yakining'inia nyuma yake, madogo mfano wa punje za mchele.

"Huyu hali kitu mpaka yaanguliwe," akasema. "Ukimtoa huyu, umewatoa wote."

Mwenyekiti alichuchumaa pale muda mrefu. Alipoinuka aliagiza maboya yahamishwe, kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo.

Miezi mitatu Bi Mchokoo alitembea miamba ya mbali, akirudi na wawili, mara mmoja, mara hana. Raba zilitoboka, akazishona kwa mshipi wa kuvulia.

Siku ya kufungua walikuja wote, wanawake kwa wanaume, kila mtu na kapu. Mwenyekiti, mwenye miguu mirefu, alitangulia mpaka Kwa Mama Mkwe. Akachungulia, akaguna kwa furaha, akainua mtaimbo avunje jiwe.

"Baba mdogo! Weka chini hicho chuma!"

Alikuwa binti wa shangazi, anakuja mbio, maji yakiruka. Alimpita mama yake na kumpokonya mchokoo mkononi bila hata kumtazama.

"Hapa hapavunjwi. Ukibomoa mlango, mwingine atahamia wapi?"

Akapiga magoti. Akachokoa mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Pweza akatoka, mzito, amemzinga mkono mzima. Nilidhani atamtia kapuni mwake. Akamtia kapuni mwa mwenyekiti.

"Wewe umefika wa kwanza, ni wako. Lakini ukimaliza, jiwe liache kama ulivyolikuta. Na nyie wote mmesikia!"

Mwenyekiti aliuweka mtaimbo chini. Shangazi alikuwa analia waziwazi, wala hakujifuta. Akanyoosha mkono apokee mchokoo wake.

Binti hakuuona. Alikuwa tayari anaelekea Jikoni, anawaonyesha wanawake watatu pa kukanyaga, mchokoo ameukamata kwa nguvu. Shangazi akaurudisha mkono wake taratibu, akafunga gauni vizuri kiunoni, akamfuata nyuma.