Hatua Saba za Mwende

Nakumbuka siku moja nikiwa shuleni, huko Kasikeu, tulipokuwa tukichujwa katika mchezo wa kuruka juu. Nafasi ya kwenda kushindana Machakos ilikuwa moja, na tuliobaki tulikuwa wawili: mimi na Mwende.

Mwanangu, nilimwonea wivu yule msichana mpaka chakula kikanishinda. Sote tulibeba mchanga wa mtoni kwa ndoo, tukaumwaga chini ya ufito tupate pa kuangukia. Yeye akimaliza anakaa kando ya stoo, anafumba macho. Vidole vyake vinatembea juu ya paja, hatua saba, halafu bega linainuka kidogo. Mwalimu Ndunge ndiye aliyetufundisha hivyo: uruke kwanza kichwani, mwili ukifuatisha polepole, ili ukifika uwanjani mguu uwe unajua njia. Mimi nilisema Mwende anajidai. Lakini akiinuka pale anapita juu ya ufito bila hata sketi kuugusa.

Nikajaribu na mimi. Kila nikifumba macho, namwona Mwende tu. Basi nikamfanya akimbie hatua zake saba, aruke, kisigino cha kulia kichelewe, kiangushe ufito, na shule nzima imcheke. Nilisikia raha, sitakudanganya. Nilirudia picha hiyo nikichota maji, nikichunga mbuzi, hata kanisani watu wakiomba. Na kila alipoangusha ufito, kisigino changu mwenyewe kilikuwa kinashtuka. Sikujali.

Siku ya mchujo Mwende alipita. Nikakimbia mimi, hatua saba, na zangu siku zote zilikuwa tisa. Kisigino cha kulia kikachelewa. Nilipewa nafasi tatu, na zote tatu ufito nikauangusha kwa kisigino kile kile.

Nilimweleza Mwalimu Ndunge yote, nikilia. Akanipangusa mchanga mgongoni.

"Mazoezi ulifanya," akasema. "Ulifanya mengi sana ya kuangusha ufito. Mguu wako haukujua kwamba ni Mwende unayemtakia mabaya."

Mwende akaenda Machakos. Siku hizi anauza nyanya sokoni, na magoti yanamuuma kama mimi. Hata hivyo nikimwona anavuka mtaro wa maji kwa hatua moja, kitu kinanichoma hapa kifuani. Uzee haujakiondoa.

Jana nilikuona na simu, unaangalia mwenzako akiruka, unarudia, umekunja uso. Na Jumamosi ni zamu yenu ya kuchujwa. Weka hiyo simu, mwanangu. Ukifumba macho, jione wewe: viatu vyako, hatua zako, bega lako likiinuka. Na mwenzako akija humo kichwani, mwache apite salama, maana ukimwangusha utaanguka wewe. Mungu aibariki miguu yako. Na kile kilichonikaa mimi kifuani miaka yote hii, kisikujue.