Mbegu Niliyowaambia Waile

Siku yangu ya kwanza kazini kama bibi shamba, mtaalamu wa kilimo vijijini, Afisa Kilimo wa Wilaya ya Korogwe alinikabidhi baiskeli, kamba ya kupimia mashamba na mfuko wa mbegu chotara, yaani mbegu iliyopatikana kwa kuchanganya mahindi ya aina mbili. "Nenda kijiji cha Mashewa ukawaonyeshe wakulima," aliniambia. Soko huria lilikuwa limeingia, na hata pale njia panda ya Segera wafanyabiashara walikwishaanza kuuza mbegu hizo.

Mashewa mvua ilinyesha vizuri. Siku ya mavuno wakulima walisimama katika shamba langu la mfano, wakitazama mahindi manene kama mkono wa mtu mzima. Niliamini nimeipata dawa ya njaa.

Nikahamishiwa Handeni, upande wa nyika, ambako mkuu wangu mpya alitaka kila kijiji kipande chotara. Nikawaambia watu mkutanoni: "Mbegu zenu za zamani mkazile." Walinitii wote isipokuwa Bibi Zaina, mjane wa Kizigua, aliyetundika mahindi yake juu ya jiko ili moshi uyakinge na wadudu.

"Bibi shamba, mwanangu, haya yanalijua jua letu," aliniambia.

Watu walimcheka. Nami nilicheka.

Mwaka huo mvua ilikatika mahindi yakitoa mbelewele, lile ua dume la juu. Ndipo kila uzi wa ndevu za hindi husubiri chavua, ile poda ya mbelewele, ili itokee punje moja. Chotara zilichanua pamoja, zikaungua pamoja. Mahindi mafupi ya Bibi Zaina yalichanua kwa zamu, mengine leo, mengine wiki ijayo. Ikadondoka mvua kidogo, na yaliyochelewa yakaiwahi. Nilipita shambani mwake nikifunua maganda kwa vidole, nikakuta punje zimejipanga.

Nilipeleka taarifa kwa mkuu wangu nikitegemea barua ya onyo. Aliisoma mara mbili.

"Uliwaambia wale mbegu?"

"Ndiyo, mzee."

"Mimi ndiye niliyekutuma, nami nitakuja kusema langu. Lakini sauti waliyoisikia ni yako. Tangulia ukawaambie ulikosea."

Nilisimama mkutanoni nikasema hivyo. Bibi Zaina akainuka, akafungua furushi alilolifunga kwa khanga, akaanza kugawa mahindi ya mbegu, mawili kila kaya, akianza na waliomcheka. Akanifikia, nami akanipa.

"Shikamoo, bibi," nilisema, nikiyapokea kwa mikono miwili.

"Marahaba. Kapande."

Sasa nimestaafu. Maafisa kilimo vijana hunijia wakibishana: huyu anataka mbegu zilizobadilishwa vinasaba maabarani, yule anataka kilimo hai kisicho na dawa wala mbolea za viwandani. Wananiuliza niko upande gani. Nawajibu kuwa sayansi naiheshimu, maana nilichokiona Mashewa nilikiona kwa macho yangu. Ila mkulima asiambiwe ale mbegu yake ya mwisho. Mimi niliwaambia, na mwaka uliofuata kijiji kizima kilivuna kwa sababu mwanamke mmoja hakunisikiliza.